Boriti Iliyopakwa Oili

Wiki iliyopita nilipita ofisi ya kijiji kimoja cha ujamaa njia ya Kang'ata, nikakuta wananchi wamebanana ukutani kama wanaosubiri sindano, katikati ya chumba hakuna mtu. Nikaelekea huko. Fundi seremala, mzee wa Kizigua, akanivuta shati.

"Kaa hapa, ndugu. Tazama juu."

Boriti nene, nyeusi kwa oili chafu, ilikuwa inadondosha unga mweupe taratibu.

"Si mninga?" nikanong'ona.

Akasimama, akakwangua kichwa cha boriti pale kilipoingia ukutani, akanionyesha ukucha. "Mninga ungetoa wekundu. Huu ni mkuyu wa mtoni. Tuliambiwa paa liwe tayari kabla ya mgeni wa leo kutoka wilayani, na mninga uko mbali. Wadudu wameshamaliza ndani."

Mgeni wa wilayani akaingia na mwenyekiti wa kijiji. Akatazama juu.

"Mti gani huu?"

"Mninga mtupu, ndugu," akajibu mwenyekiti, jasho likimtoka. "Au siyo, fundi?"

Fundi akaficha ukucha. "Mninga, ndugu."

"Vizuri. Sasa mbona mmejibana? Sogeeni katikati."

Hakuna aliyeinuka. Boriti ikalia. Mgeni akakunja uso, na hapo fundi akawa wa kwanza kusogea, macho kayafumba. Tukamfuata.

Kikao kilikwisha salama, tukatoka na mvi za unga. Msitucheke. Mle ndani mlikuwa na viwili vya kuogopwa, na fundi, aliyezoea kupima ugumu wa vitu, alikuwa ameshavipima vyote.