Kidole Chini ya Mkanda

Mume wangu amefunga mizigo bandarini Kigoma tangu ujana wake: magunia ya dagaa, madumu ya mawese, magodoro, vyote vinavyovuka ziwa kwenda Kongo. Kamba yake hailegei, na majivuno anayo, nami nimeyavumilia kwa mapenzi. Mimi nasuka nywele barazani kwetu Buzebazeba. Kusuka huko ndiko kulikoniletea ganzi. Usiku vidole vilikuwa vinawaka moto, naamka naukung'uta mkono kama niliyeumwa na siafu.

Tangu tuoane, mume wangu hulala amenishika kifundo cha mkono wa kulia. Hakuwahi kueleza kwa nini, na mimi sikuuliza, maana ningeuliza angeona haya akaacha.

Hospitali wakaniambia mshipa wa fahamu umebanwa pale kifundoni, nivae sapoti ya kushikilia kifundo wakati wa kulala. Aliyekwenda dukani kuinunua ni yeye. Akarudi na ngumu kuliko zote, bati chini na bati juu, ndefu hadi vidoleni. Akanifunga mwenyewe, goti moja kitandani, akivuta mikanda kana kwamba napakiwa melini kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

"Inabana," nikasema.

"Oya, mama watoto. Mzigo ukilegea unamwagika."

Asubuhi vidole vyangu vilikuwa vimeumuka kama maandazi, na yeye ana nundu juu ya jicho, maana nilimgonga na lile bati usingizini. Tulicheka sana. Kisha nikahamia chumba cha mabinti zetu walioolewa, nikamwambia nalihurumia jicho lake. Huko nililia. Mkono alioushika miaka yote hiyo sasa ulikuwa na bati, na niliogopa hatautaka tena.

Nikarudi hospitali na sapoti yangu, safari hii nikimburuta na yeye. Mtaalamu wa viungo, binti mpole aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akatandaza sapoti kadhaa mezani nijaribu. Nikaulaza mkono chini ya shavu kama nilalavyo, moja baada ya nyingine, mpaka nikapata ya kitambaa laini kinachopitisha hewa. Ina kibati kimoja tu cha kunyoosha kifundo, na vidole vyote viko huru.

"Usiikaze, baba," binti akamwambia mume wangu. "Kidole kimoja kipite chini ya mkanda. Kisipopita, legeza."

"Sawa, daktari," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kazi.

Usiku huo, nikiwa bado chumba cha mabinti, nikasikia hodi ya mume wangu. Mwenye nyumba anabisha hodi ndani ya nyumba yake!

"Nimekuja kukagua mkanda."

Akaingiza kidole, kikapita.

"Umelegea," akanung'unika.

"Si ndivyo tulivyoambiwa?"

"Na mkono ukivimba baadaye, nani atajua? Huu unataka mtu wa kuukagua mpaka asubuhi."

Nikachukua mto wangu, nikamfuata. Alipitiwa na usingizi kabla yangu, na kidole chake hakukitoa chini ya mkanda.