Wifi Mtarajiwa Kaiba Kazi Yangu ya Chuo Pamoja na Bibi Yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, nasoma sayansi ya siasa chuo kimoja hapa Tanga, mwaka wa mwisho. Nyumbani ni Maramba. Najua wengine mtasema haya ni mambo ya shule tu, ila naomba msome hadi chini kwanza.

Mwalimu alitupa kazi ya kuandaa orodha ya marejeo yenye maelezo. Yaani unatafuta vitabu na maandishi ya mada yako, halafu chini ya kila kimoja unaeleza kinasema nini, kina upungufu gani, na wewe kitakufaa vipi. Ukikutwa umenakili ya mwenzio, chuo unaaga. Mimi nilichagua vyama vya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Vitabu nilipata, lakini kilichonipa kiburi ni daftari la marehemu babu, aliyekuwa katibu wa chama shambani. Bibi analitunza kwenye sanduku la kanga. Nilikaa naye siku nne, mimi nasoma kwa sauti, yeye ananisahihisha majina ya watu. Mwisho akaniazima daftari niende nalo chuoni.

Nilienda na rafiki yangu, darasa moja, chumba kimoja. Nitamwita Neema, si jina lake. Huyu Neema ndiye mchumba wa kaka yangu, na harusi ni mwezi ujao kanisani kwetu. Siku zote nne alikuwa jikoni anapika, hata jalada la daftari hakuligusa. Bibi akampenda, akamwita mjukuu, akaanza kumsukia mkeka wa harusi.

Tuliporudi chuoni kompyuta yangu ikaharibika, nikamalizia kazi kwenye ya kwake. Ningemwogopa nini mtu anayeingia kwetu? Kumbe mwenzangu kaibeba yote, kafuta jina langu kaweka lake, kawasilisha siku mbili kabla yangu.

Mwalimu akaona kazi zetu ni moja, akatuita wote. Nikasema moyoni leo ataumbuka, maana kwenye maelezo ya lile daftari niliandika kwamba ukurasa wa kumi na mbili haupo, bibi yangu aliuwashia moto siku ya mvua. Na yeye kanakili hivyohivyo. Mwalimu akamuuliza, "Bibi yako ni nani?"

Hakupepesa. "Bibi wa Maramba, mwalimu. Naolewa kwenye familia hiyo. Daftari alinipa mimi." Akalitoa kwenye mkoba. Daftari nililoliweka chini ya godoro langu.

Nikampigia kaka nikijua atawaka. Akasema, "Mdogo wangu, najua, aliniambia. Wewe una kichwa, hata wakikufukuza utaanza chuo kingine. Yeye akifukuzwa, kwao hawatakubali tena na ndoa hakuna. Sema wewe ndiye uliyenakili." Kaka ambaye nilikuwa nampigia pasi sare zake za shule. Sitaficha, kwa sasa namchukia yeye kuliko huyo mwanamke.

Kikao cha nidhamu chuoni ni Jumatatu na shahidi ninaye mmoja tu, bibi. Jana nilimpigia, nikamwamkia, nikamwambia kuna mtu chuoni anadai daftari la babu alipewa yeye. Bibi akasema, "Nitakuja mwenyewe. Hata ule ukurasa niliouchoma ninao kichwani, nitawaambia neno kwa neno. Na huyo mwizi nataka nimwone uso." Nilishindwa kumtajia jina.

Akaendelea kuongea kwa furaha zake. Mkeka umeisha, umependeza, na kwa kuwa anakuja huku Jumatatu atakuja nao, amkabidhi Neema mkononi hapohapo chuoni.

Ninyi msio wa ukoo wetu, niambieni. Nimwache bibi apande gari?