Mahindi ya Serikali

Mama yangu humwita kila mtu wa serikali afande, hata yule msichana anayepima watoto kliniki. Ni mjane wa askari, naye ni Mnubi aliyezeekea kijijini Budondo, na miaka ya utawala wa wanajeshi aliiishi mwenyewe, hakusimuliwa. Kwake kitu cha serikali si cha kuchezea.

Mwaka ule wajane na wazee waliahidiwa mbegu na mbolea kabla ya mvua. Mvua ikaja, mbegu hazikuja. Mama akapanda mahindi yake aliyokuwa ameyatundika juu ya meko, yote, kwenye kishamba chake nyuma ya nyumba. Yakaota vizuri. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha msimu mzima, kwa sababu mimi ni mbeba magunia tu kwenye duka la jumla huko Mbale, na ninachomtumia hakifiki mbali.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameinama shambani, anang'oa mahindi yaliyofika magotini. Nilidhani amerukwa na akili.

"Mama, unafanya nini?"

"Mbegu ya serikali imefika. Bwana shamba alisema watapita kuangalia nani ameipanda."

"Si uiweke mpaka msimu ujao?"

"Wakikuta sijaipanda wananitoa kwenye orodha. Tena watauliza mbegu yao mimi nilipeleka wapi. Nitaambia afande nini?"

Nilimbembeleza, nikafoka, nikamwambia hakuna mtu anayefungwa kwa ajili ya mahindi. Akanitazama kama mtoto asiyeijua dunia, akaendelea kung'oa. Mgongo wake ni mbovu. Mwishowe nikavua shati nikang'oa naye, nimejaa hasira mpaka machozi yakanilenga. Jioni mbuzi wa jirani wakala chakula chetu.

Tulipanda mbegu ya serikali kwa kamba, mistari imenyooka kama wajane na wazee walivyofundishwa. Mvua ikakatika. Kila nilipompigia simu kutoka Mbale kuuliza kama imenyesha, alisema bado, na sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Niliporudi, mahindi yalikuwa yamejikunja na kukauka.

Siku hiyohiyo bwana shamba akapita. Alisimama pembeni ya shamba, na mama akamweleza yote.

"Aa, mama. Ungeweka tu ile mbegu ndani. Tungekufanya nini?"

"Ulisema mutakuja kuangalia, afande."

"Tunasema hivyo kila mahali."

Nilitaka kumkunja shati. Lakini alikuwa kijana tu, viatu vimejaa vumbi, kaja kwa miguu kwa sababu pikipiki ya ofisi haina mafuta. Siye aliyechelewesha mbegu. Na aliyechelewesha mimi simjui, wala sijui nimtafute wapi.

Mama akamletea kiti, akamkaribisha akae kivulini. Kisha akanifuata mlangoni, akaniuliza polepole kama nimekuja na chochote cha kumpikia mgeni, maana ndani hakuna kitu.