Nguzo Nilizozikata

Nyumba ya mama, kwenye nyanda za chini karibu na Osieko, ilisimama juu ya nguzo kumi na mbili. Marehemu baba alichoma ncha zake motoni kabla ya kuzichimbia, mchwa wasizile. Mto ulipofurika, maji yalipita chini ya sakafu, na mama akaendelea kusonga ugali huko juu kwenye jiko lake la udongo.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata ukarani Malaba. Wenzangu waliposikia kwetu tunalala juu, walicheka: "Kumbe nyinyi ni kuku!" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Kiangazi kilipofika nilirudi nyumbani na mabati na simenti.

"Mama, sasa utashuka. Utaishi kama watu."

"Na maji je?"

"Nimeinua msingi futi moja."

"Baba, huo mto haujui umesoma mpaka wapi."

Sikumsikia. Ili asirudi juu, nilizikata zile nguzo kwa mikono yangu, nikazifanya boriti za nyumba mpya.

Masika maji yalifika dirishani. Majirani walikaa katika nyumba zao za juu, wamebanana na watoto na mbuzi. Mama alivushwa kwa mtumbwi, akapelekwa Nambale kwa dada yangu aliyeolewa huko. Malaba nililala chumba kimoja na wenzangu, na hatukuwa na mtu mwingine mwenye pakavu.

Kwetu, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Ni aibu kubwa. Nilipofika kutoka Malaba nilimkuta ametandika mkeka kwenye banda la kuni. Shemeji yangu alikohoa kutoka mbali kabla ya kupita, na mama akajifunika uso kwa leso.

"Mama, ingia ndani. Hapa kuna unyevu."

"Ndani kwa nani? Kwangu ulikukata kwa shoka."



Alikaa bandani mpaka maji yalipopungua. Nilimjengea nyumba nyingine ya nguzo, nikachoma ncha moja moja kama baba. Lakini baridi ya lile banda ilikuwa imemkaza magoti, ngazi ikamshinda. Nilipokuwa nyumbani nilimbeba mgongoni kumpandisha. Nisipokuwepo, alishinda huko juu peke yake, akingoja jirani wa kumshusha.