Homa ya Ndolo Kule Abidjan

Mwaka wa 1996 Ndolo, mchonga vinyago, alisafiri hadi Abidjan kuuza kazi zake. Mkewe Kavindu alibaki Makongeni na mama mkwe wake, Nzilani. Mchana Kavindu alikuwa karani mjini, na jioni alijifunza Kifaransa kwa Mwalimu Barre, mzaliwa wa Djibouti aliyekodi chumba Pumwani.

Huko ugenini Ndolo akashikwa na malaria kali, akalazwa. Asubuhi moja muuguzi wake akapiga simu ofisini kwa Kavindu. Laini ilikuwa mbovu. Kabla haijakatika, Kavindu alidaka maneno machache tu: *Il a plus de fièvre.*

*Plus* alilijua. Ni zaidi. Homa imezidi.

Akaomba ruhusa, akaenda kumwambia Nzilani. Mama yule aliketi sakafuni. Kufikia alasiri, watu wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni wakiimba polepole, kama walio matangani.

Jioni Kavindu akamwendea Barre amsaidie kupiga simu hospitalini.

"Alisemaje hasa?" Barre akauliza. "Tamka vile vile alivyotamka."

Kavindu akatamka.

"Hukusikia *s* mwishoni mwa *plus*?"

"Sikusikia."

"Basi keti. Angetaka kusema zaidi, *s* ungeisikia. Alisema homa imekwisha."

"Lakini Mwalimu, hakusema *ne*. Ulitufundisha kwamba kukanusha lazima kuwe na *ne*."

"Katika kuandika. Wakiongea wanaimeza, kineno chenyewe hakina nguvu. Kazi yote ya kukanusha inabaki kwa *plus*. Ni kama mtu aseme 'hana homa tena', halafu ile *h* isisikike."

Kavindu akajaribu kimoyomoyo. Hana homa tena. Ana homa tena. Akaketi.

"Una hakika?"

"Ninayo. Lakini tupige, ndipo utalala."

Walipiga kutoka dukani kwa binamu yake Barre, Eastleigh. Baada ya kungoja sana, aliyekuja kwenye simu ni Ndolo mwenyewe, sauti imekauka.

"Mbona unalia? Mimi nakula wali hapa."

Habari ilipofika Makongeni, sebule nzima ilishusha pumzi. Nzilani akamtazama mkaza mwanawe.

"Kwani hiyo lugha yako haina neno la kukataa?"

"Inalo, Mama. Ila wanalimeza."

Nzilani akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaomba chai.