Kusalimia New York Yote

Katika biro moja ya serikali kule Masisi tulikuwa tunangoja karani. Papa mmoja, mufugaji wa Mushaki, akatuelezea safari yake ya kwanza kwa binti yake, New York.

"Tulitoka asubuhi kuona ile sanamu kubwa. Njiani nikasalimia watu, kila muntu nampa mukono. Saa sita tulikuwa bado kwenye barabara ya kwanza."

"Na sanamu?" mama mmoja akauliza.

"Sikuiona, mama. Naweza kupita watu bila kuwasalimia, eti juu ya sanamu tu?"

"Walikujibu?"

"Mumoja tu. Mulevi."

Karani akaingia, macho kwenye telefone, akatupita wote kimya na kufunga mulango.

Papa akavua kofia. "Kumbe huyu naye alishafika New York."