Gunzi la Australia

Jioni moja ya Februari mwalimu wetu wa bayolojia aliingia darasani na boksi la viatu, akatuambia kila mmoja atie mkono ndani bila kuchungulia na atoe tunda moja. Ilikuwa shule ya jioni, darasa la watu wazima watupu, wengine wana wajukuu, lakini tulivyosukumana mbele ya lile boksi ungedhani tunagawiwa pilau la maulidi. Jirani yangu akatoa ganda la haragwe. Mwingine akatoa mbegu ya mepo, ule mti wa jani la bendera ya Kanada, mbegu yenye bawa, inayoanguka huku inazunguka kama feni. Mimi nikatoa kitu ambacho mpaka leo nasema kilikuwa kinanisubiri.

Kilikuwa kama gunzi la hindi lililozeeka mpaka likaota ndevu. Manyoya makavu ya kahawia mwili mzima, na katikati ya manyoya, midomo. Haki ya nani, midomo! Minene, ya mti mgumu, imefumbwa wa juu kwa wa chini kama ya shahidi aliyekataa kusema mahakamani. Na uzito wake sasa: ungempiga nalo nyati, nyati angekaa chini afikirie maisha yake.

"Hiyo ni banksia," mwalimu akasema. "Kwao ni Australia. Mbegu zimo ndani ya hiyo midomo."

Mwalimu huyu alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, mkali wa masharti. Kisu hapana. Nyundo hapana. Koleo la kubania hapana. Kila tunda, alisema, lina njia yake ya kutoa mbegu huko linakoishi, na kazi yetu ni kuitafuta hiyo njia kwa macho yetu. Kitabu na kompyuta marufuku mpaka tunda lifunguke. Siku ya mwisho ya muhula kila mtu aje na mche ulio hai, asimame aeleze alichokiona na amejuaje. Asiye na mche, au asiyeweza kueleza, hapiti.

Kwa wenzangu wengine hilo lilikuwa zoezi. Kwangu lilikuwa mlango. Bayolojia ndiyo iliyobaki ili nipate cheti cha sekondari, na chuo kilikuwa kimenishikia nafasi ya kusomea ufundi wa maabara, Septemba hiyo hiyo, kwa sharti la cheti. Mchana nilikuwa nakunja mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Nilikuwa nimekunja mashuka ambayo yakitandazwa yangefunika Toronto yote, na Markham, mji wa jirani, ikapata foronya. Sasa kutoka au kutotoka kwangu pale kulikuwa ndani ya midomo ya gunzi.

Nikalibeba kwenye basi mpaka Flemingdon Park, ghorofa ya tisa, tulikokuwa tunakaa watatu: mimi, mume wangu, na dada yake, yaani wifi yangu, aliyefika kutoka Tanga mwaka uliotangulia na alikuwa bado hajaisamehe Kanada.

"Umeleta nini tena?" akaniuliza mlangoni. "Panya?"

"Tunda, wifi."

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Basi si tunda hilo, ni mzigo."

Nikamweleza yote, cheti na chuo na midomo. Akaligeuza mkononi, akalinusa, akanirudishia. "Wewe mtu wa Morogoro, na mapapai yote yale ya kwenu, umekuja kufanyiwa mtihani wa kuni."

Nilianza na maji, kwa sababu mbegu zote nilizopata kuzijua utotoni zilitaka maji. Nikalilaza ndooni. Manyoya yakanywa, yakalowa, yakalala kama ya paka aliyemwagiwa maji. Midomo haikutikisika. Nikakumbuka mwalimu alisema mbegu nyingi za huku haziamki mpaka zipigwe na baridi, nikasema basi, baridi si ndiyo tuliyojaaliwa? Nikalifunga uzi, nikalitundika kwenye reli ya roshani, nje, katika ile baridi ya Februari ambayo ukimsalimia mtu salamu inaganda, mnaisikia wote wawili mwezi wa nne. Likaota theluji kichwani. Likakaa vile vile.

Hapo ndipo nilipofikiria wanyama. Matunda mangapi hufunguliwa na mwenye njaa? Nikashusha uzi mpaka sakafuni, nikavuta kiti nyuma ya kioo, nikangoja. Akaja kindi, wale weusi wa Toronto, ambaye alipandaje ghorofa tisa mimi sijui, labda alichukua lifti. Alilishika gunzi kwa mikono miwili kama mtu anayechagua nanasi. Akanusa huku, akanusa kule. Akang'ata mdomo mmoja, akasogeza, akang'ata wa pili. Kisha akaniangalia kupitia kioo kama mteja aliyeuziwa korosho mbovu, akateremka zake. Akaja ndege wa buluu mwenye kishungi, akadonoa kidogo, akapiga kelele za kushtaki, akaruka. Nikakagua: alama za meno mbili tatu, basi. Ni mnyama gani huko Australia aliyekuwa na funguo za kitu hiki? Swali hilo lilinifuata mpaka dobini. Nilikuwa nakunja shuka, naona midomo.

Machi ikaisha. Wenzangu maharagwe yao yalishatambaa kwenye vijiti. Mimi nilikuwa na gunzi, nimelirudisha ndani likauke, nimeliweka kwenye rafu ya sebuleni karibu na chetezo cha wifi.

Sasa, wifi kila Ijumaa alikuwa anafukiza. Kwanza alikivika king'ora cha moshi, pale darini, kofia ya plastiki ya kuogea. Kisha akawasha makaa ya udi kwenye chetezo, akafukiza nguo, mapazia, kaka yake, na mimi nikipita karibu. Ijumaa ile nilikuwa jikoni, mchele nimeuroweka kwenye beseni, nikasikia harufu. Haikuwa udi.

"Wifi!" nikaita. "Leo unafukiza nini? Kunanuka kama mbuzi anayebabuliwa!"

"Udi umekwisha," akajibu sebuleni. "Nimetia lile gamba lililokuwa hapa rafuni. Nilidhani ni buhuri ya Kizungu. Kumbe Wazungu hawajui kunukia."

Sikumbuki kutembea kutoka jikoni kwenda sebuleni. Nadhani niliruka. Gunzi langu lilikuwa limelazwa ubavu juu ya makaa, manyoya yanateketea, moshi mweusi unapanda.

"Wifi, hiyo ni mitihani yangu!"

"Mitihani gani? Si ulikuwa umeitundika nje kama—" Akaweka mkono mdomoni. "Yarabi. Ndilo lile?"

Kabla sijamjibu, gunzi likalia. *Tak!* Kavu, kama kidole kinavyoalika. Sote tukarudi nyuma. *Tak!* tena, na moto ukapanda kwenye manyoya, nami nikalinyakua kwa mwiko na kitambaa, nikakimbia nalo jikoni, nikalitumbukiza kwenye beseni, juu ya mchele. Mvuke ukapanda mpaka darini. Wali wa jioni ile hata mume wangu, ambaye hula chochote, aliusukuma pembeni.

Moshi ulipotulia tukainama sote wawili juu ya beseni. Upande ulioungua, midomo ilikuwa imeachama. Imeachama wazi kabisa, kama kombe wa baharini wakitiwa kwenye maji ya moto.

"Limefunguka," nikasema.

"Limeiva," wifi akasema, na machozi yakamtoka. "Nimezipika mbegu zako. Nimekuulia chuo, wifi yangu."

Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Nilichungulia ndani ya mdomo mmoja: palikuwa na kama ulimi mweusi wa mti, na huku na huku ya ulimi, kitu chembamba kimebanwa. Nikalitikisa. Halikutoa kitu. Kuchokoa ni marufuku. Nikaliweka juu ya hita likauke, nikaenda kulala nimekata tamaa kama mtu aliyepoteza pasipoti.

Asubuhi nilikuta kwenye zulia, chini ya hita, vipande vyeusi vyenye bawa, vyembamba kama ganda la kitunguu. Wifi alikuwa amepiga magoti kando yake, hagusi, analinda. Zile ndimi, ziliponyonya maji kisha zikakauka, zilikuwa zimejikunja kuelekea nje na kuzivuta mbegu pamoja nazo. Tuliangalia moja ikitoka. Ilichukua muda wa kunywa chai nzima, na hakuna aliyekunywa chai yake.

Tukazipanda kwenye makopo ya mtindi, mchanga mwingi, dirishani. Sasa ikabaki moja tu: zilikuwa hai, au ni masizi yenye mabawa?

Kwa kuwa tunda lilishafunguka, niliruhusiwa kitabu, nikaenda maktaba. Lo, jamani! Kumbe huko kwao banksia hungoja moto wa msituni. Moto unapita, midomo inaachama, mvua ya kwanza inashuka, na mbegu zinaangukia majivu ambapo hakuna mti mwingine wa kuzinyima jua. Wanyama nao wapo, ila wamekuja kwa mambo mengine. Wapo kasuku weusi wenye midomo ya kuvunja gunzi zima kutafuta funza. Wapo ndege wenye ulimi wa brashi, wanaofanana na ndege wetu chozi, wanaokunywa asali ya ua lake. Na yupo kinyama kadiri ya kidole gumba, hana kazi nyingine duniani ila kulala, kuamka na kunywa maua. Nilimwonea wivu, nikikumbuka mashuka.

Nikamsomea wifi. "Moto kwanza, halafu mvua," nikamwambia. "Moto ni wewe."

"Na mvua ni wewe, mvua ya maji ya mchele." Alicheka kidogo, kisha akageukia makopo. "Lakini hazijaota."

Hazikuwa zimeota kweli. Wifi aliacha kufukiza, Ijumaa baada ya Ijumaa, asije akazidhuru tena, nyumba ikaanza kunuka watu. Kila baada ya sala ya alfajiri alikuwa anasimama dirishani. "Bado," alikuwa ananiambia nikiamka, kabla hata ya salamu. Mei ikaingia. Bado. Nilianza kumzoeza mume wangu habari ya kwamba huenda nitakunja mashuka mwaka mwingine.

Halafu asubuhi moja hakusema bado. Alinivuta kwa mkono, nimevaa kiatu kimoja. Kwenye kopo la pili kijiti chekundu kilikuwa kimechomoza, kimepinda kama pete, na kichwani kimebeba ganda jeusi la mbegu mithili ya mtu aliyetoka kitandani na shuka lake.

Siku ya mwisho ya muhula nilisimama mbele ya darasa na kopo mkono huu, gunzi mkono huu. Nikaeleza yote: maji, barafu, kindi, ndege, chetezo, mchele. Darasa lilicheka mpaka nikasikia nimeshafaulu. Mwalimu hakucheka.

"Umejuaje ni moto?" akauliza. "Lililowa, likaganda, likang'atwa. Huenda hayo ndiyo yaliyolilegeza, na siku yake ikawa imefika tu. Unajuaje?"

Nafasi yangu ya chuo niliiona inavaa koti iondoke. Kitabu kilisema moto, lakini yeye hakuuliza kitabu. Nikaliangalia gunzi, nikaligeuza ili nipate la kusema, na jibu likawa pale pale chini ya kidole changu.

"Mwalimu, wifi yangu alililaza ubavu," nikasema. "Upande huu uligusa makaa. Huu wa pili haukugusa: angalia, manyoya yapo, midomo imefumba yote. Na upande huu nao ulilowa ndooni, uligandia roshani, na meno ya kindi haya hapa. Vyote ulivipata sawasawa na mwenzake. Ulichokosa ni moto peke yake."

Akalichukua. Akaligeuza upande wa midomo wazi, akaligeuza upande wa midomo iliyofungwa, akaligeuza tena. Kwangu ule ulikuwa muda wa kutosha kusomea udaktari.

"Nani aliyefikiria kuchoma upande mmoja tu?"

"Hakuna aliyefikiria. Alikuwa anafukiza nguo."

"Umepita," akasema.

Nikaomba ruhusa nipige simu nyumbani. Mlio wa kwanza haujaisha, wifi ameshanyanyua.

"Wamesemaje?"

"Nimepita, wifi."

Alipiga vigelegele, virefu, vya Tanga vya harusini, nami nikaiweka simu mbali na sikio, vikajaa darasa zima. Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, akauliza kwa upole, mtu wa sayansi kabisa, nyumbani kwetu tunafuga ndege gani.